Habari za Upele, Choa na Funza katika Ugogo

Tulipoombwa kuandika katika kijitabu hiki cha Jubilei tulidhani tutapewa habari za majengo, au habari za waalimu wa kwanza na safari zao. Tukapewa ngozi. Mwenzetu mmoja alicheka akasema, "Mwalimu, hiyo ni habari ya kujikuna." Ni kweli. Walakini twaona ya kuwa habari hii ina mahali pake katika historia yetu, kwa maana mtu wa Ugogo aliyekwenda misheni mara ya kwanza, mara nyingi hakwenda kwa ajili ya kitabu. Alikwenda kwa ajili ya kidonda, au upele, au mguu ulioliwa na funza. Kitabu kilifuata nyuma ya marhamu.

Twaandika tukiwa Nzuguni, upande wa mashariki ya mji wa Dodoma, kando ya barabara iendayo Morogoro. Siku hizi watu wapajua mahali hapa kwa viwanja vya Nanenane na kwa kituo kikuu cha mabasi, na nyumba za bati zimejaa hata pale tulipochunga mbuzi. Lakini nchi yenyewe haikubadilika. Mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 570, nayo hunyesha tangu Desemba hata Aprili. Miezi iliyobaki ni upepo na vumbi. Msomaji ashike neno hili la maji, kwa kuwa tutalirudia.

Wazee wetu walikaa katika tembe, nyumba ndefu zenye kuta za miti na udongo na paa bapa la udongo, ng'ombe na mbuzi wakilala uani. Watoto walilala pamoja juu ya ngozi moja ya ng'ombe. Miili yao waliipaka mafuta na udongo mwekundu, na wageni wa kwanza walipoona hayo waliandika kwamba ni uchafu tu. Sisi twaona hawakufikiri vema. Katika nchi ambayo maji ya kuoga huchimbwa katika mchanga wa korongo, mafuta yalizuia ngozi isipasuke kwa upepo. Ila hayakuua wadudu, na hapo ndipo shida ilipobaki.

Basi tuanze na funza, kwa sababu yeye ana historia iliyo wazi kuliko wote. Wazee wengi hudhani ya kuwa funza ni wa nchi hii tangu kuumbwa. Sivyo. Funza ni mgeni. Kwao ni Amerika ya Kusini na visiwa vya Karibi. Katika mwaka wa 1872 merikebu ya Kiingereza iitwayo Thomas Mitchell ilitoka Rio de Janeiro katika nchi ya Brazili, ikafika Ambriz katika Angola, nayo ilikuwa imetiwa mchanga ili iwe na uzito baharini. Mchanga ule ulikuwa na funza. Toka pwani ile ya magharibi aliingia bara akifuata njia za wapagazi na za biashara, na katika miaka ya 1890 alikuwa amefika katika nchi za maziwa makuu. Msafiri Oscar Baumann alipopita Uzinza, kusini ya Ziwa Viktoria, katika mwaka wa 1892, alikuta watu waliolemewa na funza hata hawawezi kwenda mashambani, na njaa ikaingia kwa sababu ya miguu. Kabla ya karne ile kwisha, funza alikuwa amefika pwani ya mashariki na Unguja. Hivi mdudu asiye na mabawa alivuka bara zima kwa muda usiofika miaka 30, akichukuliwa katika nyayo za watu.

Ugogo ilikuwa katikati ya njia. Misafara yote iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita kwetu, na wakuu wa Kigogo waliitoza hongo ya nguo na shanga kabla ya kuiruhusu kuteka maji. Habari za hongo ile zimeandikwa na kila msafiri, tena kwa manung'uniko mengi. Funza hakulipa hongo.

Vita vya kwanza vya dunia vilipokuja, majeshi ya Waingereza yaliingia Dodoma katika mwezi wa Julai 1916, na maelfu ya watu wakashikwa kuwa wapagazi wa majeshi ya pande zote mbili. Walikwenda bila viatu. Katika vita ile funza aliwalemaza askari na wapagazi wengi, vidole vikaoza. Baada ya vita ikaja njaa ile ambayo Wagogo huiita Mtunya, tangu mwaka wa 1917 hata 1920, na watu wengi sana wakafa. Mtu mwenye njaa hafagii nyumba, wala hana nguvu ya kukaa juani kumtoa mwanawe funza. Wadudu hawa hufuata udhaifu kama fisi.

Sasa tueleze kazi yake. Funza jike kabla ya kuingia ni mdogo kuliko milimita moja. Hujichimbia katika ngozi, hasa kandokando ya kucha na chini ya kisigino, akaacha tundu dogo la kupumulia na kutolea mayai. Huko ndani hufura kwa muda wa majuma mawili hata akawa kama punje ya choroko, akatoa mayai kwa mamia, kisha akafa pale pale. Mayai huanguka katika vumbi la sakafu, na humo wanawe hukua. Basi mwenye kutibu mguu asitibu sakafu, kazi yake ni ya bure.

Bibi yetu alikuwa na mwiba wake wa mgunga, mrefu, mweupe, uliochomekwa katika ukuta karibu na mlango. Jioni alituketisha mstari, wajukuu saba, akaanza kwa mkubwa akaishia kwa mdogo. Mkono wake ulikuwa mwepesi sana; alimtoa funza mzima bila kumpasua, akamtupa motoni tukasikia mlio wake mdogo. Tulimpenda, nasi twampenda hata leo. Lakini mwiba ulikuwa mmoja kwa miguu yote 14. Leo twajua ya kuwa sindano au mwiba unaotoka mguu huu kwenda mguu ule waweza kupeleka homa ya ini na virusi vya UKIMWI, na kidonda kilichoachwa wazi katika vumbi la zizi chaweza kuingiza pepopunda. Kama funza lazima atolewe kwa ncha, basi iwe ncha safi ya mtu mmoja, na kidonda kioshwe, na mtu awe amechanjwa pepopunda.

Iko njia iliyo bora. Katika Kenya waganga walijaribu dawa mbili kwa watoto, habari zake zikatangazwa mwaka wa 2014. Mguu mmoja uliloweshwa katika maji ya pamanganeti, yale ya zambarau ambayo zahanati nyingi huyatumia. Mguu wa pili ukapakwa mafuta mepesi yaitwayo dimetikoni, ambayo si sumu, bali huziba tundu la funza hata akakosa pumzi. Baada ya siku 7, katika miguu ya dimetikoni funza 78 katika kila 100 walikuwa wamekufa. Katika miguu ya pamanganeti ni 39 tu. Hapana mwiba, hapana damu. Twasikitika ya kuwa dawa hii bado ni adimu vijijini, na watu wengine huweka mafuta ya taa mahali pake, nayo huunguza ngozi ya mtoto.

Tumeingia katika dawa kabla ya kuwataja walioleta hospitali. Chama cha Misheni cha CMS kilianza kituo Mpwapwa mwaka wa 1878, na mmoja wa watu wake wa kwanza alikuwa tabibu, Dr. Baxter. Mvumi ilifuata mwaka wa 1900. Dayosisi ya Central Tanganyika ikaanzishwa mwaka wa 1927, Askofu George Chambers akiwa wa kwanza, na hospitali na zahanati zikaongezeka. Hatutaki kurefusha hapa, maana wengine wameandika habari hizo. Neno moja tu. Katika miaka ya 1920 serikali na misheni zilianza kutibu buba kwa sindano. Buba si kuvu wala mdudu wa ngozini, ni ugonjwa mwingine. Lakini vidonda vyake vilikauka kwa sindano chache, na watu wakastaajabu. Tangu hapo mgonjwa asiyepigwa sindano huona ametibiwa nusu. Hata leo mtu huja na choa kidogo mkononi akipewa marhamu hunung'unika, "Na sindano je?"

Upele. Wahenga walisema upele humwota asiye na kucha, nasi tulipokuwa wadogo tulidhani ni mchezo wa maneno tu. Upele ni kazi ya mdudu wa jamii ya utitiri, mdogo hata macho hayamwoni vema. Jike huchimba njia katika tabaka ya juu ya ngozi, hutaga mayai mawili au matatu kwa siku, huishi majuma manne hata sita. Mtaliani Bonomo na mwenzake Cestoni walimweleza mdudu huyu katika mwaka wa 1687, wakiwa na kioo cha kukuza, lakini waganga wa Ulaya walikaa zaidi ya miaka 100 wakisema upele watoka katika damu chafu. Basi tusiwacheke wazee wetu.

Waswahili wa pwani walijua dawa zamani, na lugha yenyewe yashuhudia, kwa kuwa ile salfa ya madukani huitwa kibiriti upele. Marhamu ya kibiriti ni dawa njema hata leo, hasa kwa watoto wachanga na wanawake wenye mimba, ijapokuwa inanuka na kuchafua nguo. Baadaye ilikuja dawa nyeupe kama maziwa, benzili benzoeti, ambayo wauguzi huiita BBE. Huyo ndiye rafiki wa zahanati zetu. Huwasha kidogo, kwa mtoto lazima ichanganywe na maji kama mwuguzi atakavyoagiza.

Walakini dawa si jambo gumu. Jambo gumu ni hesabu ya watu. Katika vita ya pili ya dunia, tangu mwaka wa 1941, Mwingereza Kenneth Mellanby aliwachukua watu waliojitolea katika mji wa Sheffield, akawalaza katika blanketi na kuwavika nguo za askari wenye upele, apate kujua huambukizwaje. Akaona ya kuwa nguo na blanketi mara chache sana huambukiza. Upele hupita kwa ngozi kugusa ngozi, watu wakilala pamoja au wakishikana kwa muda. Akaona na jambo la pili: mtu aliyeambukizwa mara ya kwanza hakai akijikuna siku ile ile. Hupita mwezi mzima, hata majuma sita, kabla hajaanza kuwashwa. Fikiri maana yake katika nyumba yenye watu kumi. Mmoja ajikuna, apakwa dawa, apona. Tisa hawajikuni, wasema "sisi wazima", nao wana wadudu. Baada ya mwezi yule mmoja anao tena, na jirani wasema dawa ya serikali imeisha nguvu. Dawa haikuisha nguvu. Ilipakwa kwa mtu mmoja katika ugonjwa wa nyumba.

Hapa hatuna budi kutaja kosa, nalo si la mtu mwingine. Katika mwaka wa 2009 tulikuwa tukifundisha watoto wa darasa la dini chini ya mti. Alikuwako binti wa miaka kama kumi, mwenye bidii, aliyekaa mbele siku zote. Akaja na upele katika vidole na viganjani, mpaka kiunoni, na vidonda vyenye usaha kwa kujikuna. Wazazi wawili wakatujia wakasema hawatawaleta watoto wao akiwapo yule. Tukamwita kando, tukamwambia, "Kaa nyumbani kwanza, ukipona urudi." Hatukumpa barua ya zahanati. Hatukwenda kwao kuhesabu ni wangapi wanaolala naye. Tulimpeleka nyumbani kwenye ule ule upele alioutoka, tukamwagiza apone. Hakurudi. Na kwa kuwa aliaibika mbele ya wenzake, na shule aliiacha vile vile. Tulisikia kwamba anachunga mbuzi wa mjomba wake, baadaye kwamba yuko mjini katika kazi za nyumbani. Watoto wengine wa darasa lile walipata upele hata hivyo, kwa kuwa walikuwa wamekwisha ambukizwa kabla hatujamfukuza.

Twaandika haya kwa sababu bado twaona waalimu wafanyao hivyo. Mtoto mwenye upele hupakwa dawa usiku, naye aweza kwenda shule baada ya kupakwa. Na vidonda vyake si jambo dogo: wadudu wa usaha wakiingia katika ngozi iliyokunwa waweza kuharibu mafigo.

Katika miaka hii ya karibu kumekuja vidonge. Mjapani Satoshi Ōmura alipata katika udongo wa nchi yake kijidudu ambacho, kwa kazi yake na ya William Campbell, kilitoa dawa ya ivamektini. Dawa hiyo imetumika tangu mwaka wa 1987 kwa ugonjwa wa usubi, na katika Tanzania imegawiwa kwa usubi na kwa matende. Watu wengi waliomeza kwa ajili ya matende waliona ajabu kwamba na mwasho umepungua. Katika visiwa vya Fiji walijaribu kuwapa vidonge watu wote wa kisiwa, wenye upele na wasio nao. Katika mwaka mmoja upele ukashuka toka watu 32 katika 100 hata 2. Habari hizo zilitangazwa mwaka wa 2015, na mwaka huo huo Ōmura na Campbell wakapewa tuzo ya Nobel. Mwaka wa 2017 Shirika la Afya la Dunia liliuandika upele katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa. Sisi tunaojikuna hatukuusahau. Vidonge hivi havipewi mwanamke mwenye mimba wala mtoto asiyefika kilo 15, na vipimo vyake ni vya mganga, si vya dukani.

Sasa choa na mapunye. Hivi si wadudu, ni kuvu, yaani jamii ya ule ukungu uotao juu ya ugali uliolala. Kuvu hii hula tabaka ngumu ya ngozi, kucha na nywele, huenea kama duara, ukingo ukiwa mwekundu na wenye magamba na katikati pakianza kupona. Juu ya ngozi tupu dawa ya zamani ingali nzuri: marhamu ya Whitfield, iliyotungwa na Mwingereza wa jina hilo mwaka wa 1907, asidi mbili tu zikichanganywa na mafuta. Ni ya bei ndogo, na mfamasia aweza kuichanganya mwenyewe. Hutaka saburi, yaani kupaka mara mbili kwa siku, na kuendelea majuma mawili baada ya duara kutoweka. Watu wetu huacha siku ile duara linapofifia, na kuvu hucheka.

Mapunye ya kichwani ni neno jingine. Marhamu haifiki katika shina la unywele, hata ukipaka mwaka mzima. Tulipokuwa shuleni tulinyolewa kwa wembe mmoja, tukapakwa dawa ya zambarau vichwani, tukatembea kama kanga wenye madoa, na mwaka uliofuata mapunye yakawa pale pale. Huko Paris, tangu mwaka wa 1904, tabibu Sabouraud aliwang'oa watoto nywele kwa mionzi ili apate kuponya mapunye, na njia hiyo ikaenea nchi nyingi. Baadaye ikaonekana ya kuwa mionzi ile iliwaachia wengine uvimbe mbaya wa kichwa. Dawa ya kweli ilikuwa imekwisha patikana London mwaka wa 1939, griseofulvini, itokayo katika kuvu nyingine. Lakini ilikaa karibu miaka 20 bila mtu kujua kwamba yamezwa. Mwaka wa 1958 Gentles, huko Glasgow, aliwalisha wanyama wadogo wenye choa wakapona. Tangu hapo mtoto humeza kila siku kwa majuma sita hata manane, na ni vema ameze pamoja na chakula chenye mafuta, kwa kuwa hivyo huingia mwilini vizuri. Mgogo mwenye maziwa na samli hana udhuru.

Lakini ole wetu kwa mambo yapakwayo juu ya choa! Tumeona maji ya betri. Tumeona oili chafu ya gari. Tumeona mama aliyemwogesha mtoto kwa dawa ya josho la ng'ombe, akisema kama yaua kupe itashindwaje na upele. Mtoto yule alitapika na kutetemeka, akaponea chupuchupu. Majani ya mwarobaini, ambayo miti yake imejaa Dodoma, hayana madhara kama hayo, na wengine husema huwapunguzia mwasho. Hatuwakatazi kuoga nayo, twakataza kuchelewa nayo.

Hata hivyo adui mkubwa wa siku hizi si betri. Ni krimu nzuri, yenye harufu nzuri, iuzwayo madukani kwa wanaotaka kung'arisha ngozi, na ndani yake mna dawa kali ya steroidi. Mtu mwenye choa akipaka krimu hiyo mwasho hutulia siku ile ile, naye humshukuru mwenye duka. Chini yake kuvu hufurahi, kwa kuwa dawa ile hulaza askari wa mwili. Duara hupoteza umbo lake, huenea mgongo mzima, hata mganga akimtazama hamtambui. Katika nchi ya India krimu za namna hii zimetajwa kuwa mojawapo ya sababu za kuenea kwa choa kisichosikia dawa zilizokuwa zikikiponya, na kuvu hiyo sasa imeonekana katika nchi nyingi. Twawasihi vijana wetu wasome maandiko madogo yaliyo nyuma ya kichupa.

Na tena si kila baka ni choa. Kaskazini ya kwetu, Hombolo, Dayosisi iliwatunza wagonjwa wa ukoma, na wazee wetu waliogopa hata kulitaja jina la mahali pale. Kwa hofu hiyo wengine waliliita baka la ukoma choa, wakalipaka marhamu miaka mingi, mpaka vidole vikapinda. Na wengine wenye choa tu walitengwa kama wakoma. Dalili moja kila mzazi aweza kuijua: choa huwasha. Baka la ukoma mara nyingi halina hisia. Ukiligusa kwa pamba mtu akiwa amefumba macho, hajui. Huyo apelekwe hospitali upesi, apewe vidonge vya ukoma, ambavyo ni bure na huponya.

Turudi kwenye maji. Katika miaka ya 1960 wataalamu walizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika wakihesabu maji yanayotumika nyumba kwa nyumba, na mwaka wa 1972 wakatoa kitabu. Mmoja wao, Bradley, alitenga magonjwa yaletwayo na maji machafu ya kunywa, na magonjwa yaletwayo na uchache wa maji ya kuoga, na upele na vidonda vya macho akaviweka katika hayo ya pili. Jambo hili ni kubwa kwetu. Kwa miaka mingi tulihubiriwa kuchemsha maji, nasi tukachemsha. Lakini mama aliyetembea saa tatu na ndoo moja hachagui kati ya kuchemsha na kutochemsha, huchagua kati ya kupika na kuogesha. Hakuwa mchafu. Alikuwa na ndoo moja. Huko Kongwa, katika kazi ya kupunguza ugonjwa wa trakoma, waliona ya kuwa akina mama hudhani kuosha uso wa mtoto hutaka maji mengi. Walipoonyeshwa ni nyuso ngapi huoshwa kwa lita moja, walistaajabu wenyewe. Visima vipya vilivyochimbwa hapa Nzuguni katika miaka hii vimesaidia ngozi za watoto, twadhani, kuliko mahubiri yetu yote.

Na waganga wa ngozi wenyewe zamani hawakuwako. Tangu miaka ya mwanzo ya 1990 kiko chuo Moshi, katika hospitali ya KCMC, kinachowafundisha matabibu wa nchi nyingi za Afrika magonjwa ya ngozi, wakarudi wilayani kwao. Ndiyo sababu leo mtu aweza kumwona mtu ajuaye choa na ukoma bila kupanda meli.

Katika mwaka wa 2023, mwezi wa Agosti, tuliitwa katika nyumba moja hapa hapa Nzuguni. Watoto walikuwa hawalali usiku. Mwenye nyumba, mwanamke kijana, alitusalimu, "Mbukwa, mwalimu," tukaitika, wala hatukumtambua. Yeye alitutambua. Alikuwa ndiye binti yule wa chini ya mti. Hakusema neno la lawama, alisema tu, akimsukuma mbele binti yake wa miaka saba aliyejaa upele, "Huyu yuko darasa la kwanza, mwalimu. Sitaki akae nyumbani."

Tukaenda naye zahanati, tukarudi na chupa za BBE na kopo la marhamu ya kibiriti kwa ajili ya mtoto mchanga. Mara hii tulihesabu. Walikuwa watu 11, pamoja na bibi mzee na kijana mpangaji, ambaye alisema yeye hana kitu. Jioni walioga kwa zamu, ndoo tatu, wakapakana toka shingoni hata nyayo, katikati ya vidole na chini ya kucha, wanawake ndani na wanaume uani. Bibi alikataa, akasema ngozi yake ni kuukuu, wadudu hawaitaki. Akabembelezwa mpaka akakubali, akapakwa wa mwisho. Nguo na mashuka yaliyolaliwa yalifuliwa na kuanikwa juani, na mengine yakafungwa katika mfuko kwa siku kadha wa kadha, kwa kuwa mdudu yule akikosa mwili wa mtu haishi zaidi ya siku mbili tatu.

Tuliwaambia mapema ya kuwa mwasho waweza kukaa hata majuma mawili matatu baada ya wadudu kufa, wasije wakapaka dawa kila siku na kuunguza ngozi. Mama akaomba tumwandikie maneno hayo katika karatasi. Tukaandika, kisha tukakumbuka. Lakini alikwisha mpa mtoto karatasi, na mtoto akaanza kuisoma kwa sauti, herufi moja moja, akikwama kwenye neno "benzili", mama yake akingoja. Tulirudi siku ya 14 na chupa ya pili. Yule mtoto alikuwa shuleni, na mpangaji alikuwa akijikuna.